Waliomchimbia Sayi

Tangu nirudi kutoka Morogoro mmenisimamisha kisimani, gulioni na hata mlangoni mwa kanisa, kila mmoja na swali lake. Kila mmoja nimemjibu kipande. Sasa nimeona niandike safari yote mara moja, kwa mkono huu huu ulioishia darasa la tano, ili atakayetaka kujua asome mwenyewe.

Kwa wale waliohamia Ngulyati juzi juzi, Sayi ndiye mdogo wangu anayenifuata. Mama alipokufa, mwaka mmoja baada ya baba, mimi nilitoka shule nikashika jembe. Sayi, Kabula na Masunga wakaendelea kusoma kwa pamba yangu. Sayi alifika kidato cha nne, akapata kazi kwenye kiwanda cha kushona maturubai Morogoro. Likizo yake ya mwisho hapa nyumbani mnaikumbuka. Alikataa kwenda kanisani. Nikadhani amerudia mambo ya wazee, lakini baba mkubwa alipochinja mbuzi kwa ajili ya marehemu, alikataa na hilo pia. Alisema kwa upole kabisa kwamba haoni mtu upande wowote.

Watu wa kanisa na watu wa matambiko hapa kwetu hawajawahi kukubaliana hata juu ya mvua. Juu ya Sayi walikubaliana siku hiyo hiyo. Walisema mtu wa namna ile hana anachokiogopa, kwa hiyo hawezi kuwa na rafiki. Atakula peke yake, ataugua peke yake. Hata mimi nilimwambia, tukiwa tunapura choroko, "Ukifa huko, nani atakuchimbia kaburi?"

Akacheka. "Dada Nkwimba, kwani watu wanachimba kwa Mungu au kwa jembe?"

Aliondoka kesho yake, na miaka minne hatukuonana. Barua zilikuja mbili tatu. Katika ya mwisho aliandika kwamba kiwanda kimeuzwa kwa mwekezaji, nao wamepunguzwa wote.

Kisha Januari hii ikaja barua ya mwandiko nisioujua. "Mimi ni Mama Tekla, nauza chakula karibu na kiwanda. Sayi hainuki tena kitandani. Njoo upesi." Tarehe iliyoandikwa juu ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Nilifunga michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, kilo kadhaa kwenye kitambaa, maana Sayi aliipenda kuliko nyama, nikamwachia Kabula mji. Moyoni nilikuwa na jambo moja tu: mdogo wangu asife bila mtu, akatupwa shimoni na manispaa kama mzigo usio na mwenyewe.

Bariadi hadi Shinyanga

Mabasi hayakuwa yakipita kwa ajili ya mvua. Nilipata nafasi kwenye lori la Mzee Salumu, yule mwenye duka la vitenge na sabuni pale sokoni Bariadi. Alikuwa anakwenda Shinyanga kuchukua mitumba, na alitaka kupitia Lalago kuchukua ngozi za mbuzi. Alinipa kiti cha mbele kwa heshima ya msiba unaokuja, ndivyo alivyosema.

Kabla ya kufika Lalago tulizama kwenye mbuga. Mnaijua ile ardhi nyeusi ikilowa. Magurudumu yalizama mpaka ekseli, utingo akakata vichaka vyote vya karibu kuvitandika chini, lori likavimeza. Tulikaa pale tangu saa nne asubuhi hadi kesho yake mchana, tukala michembe yangu na chai ya Mzee Salumu aliyoipika kando ya lori.

"Huyo mdogo wako," akaniuliza, "ni Mkristo kama wewe?"

"Hapana."

"Ah, ni wa matambiko."

"Hapana, baba. Hana."

Akakiweka kikombe chini. "Hana kabisa? Sasa watu wake ni nani? Mimi nikifa leo hapa topeni, huyu utingo ataita Mwislamu yeyote anayepita, nitasitiriwa. Wewe ataita wa kwako. Huyo ataitiwa nani?"

Ndilo swali nililokuwa nalo mwenyewe, ila lilikuwa gumu zaidi kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Mchana wakaja vijana wenye ng'ombe wa kukokotea, jozi tatu, wakatutoa. Mzee Salumu hakusema tena juu ya Sayi. Aliponishusha stesheni Shinyanga alisema, "Mungu amfungue macho kabla hujafika," nami nikasema amina, kwa sababu nilitaka hivyo.

Shinyanga hadi Tabora

Daraja la tatu tulijaa mpaka kwenye mlango wa choo. Nilikaa juu ya kifurushi changu, karibu na mama mmoja wa Nzega mwenye mjukuu, na mhubiri mmoja kijana aliyekuwa akitoka behewa moja hadi jingine na Biblia yenye jalada lililofungwa kwa mpira. Nilifungua michembe nikawagawia. Tulikula tukiongea vizuri juu ya bei ya pamba, jinsi wanunuzi wapya wanavyokuja na mizani zao wenyewe halafu mwaka unaofuata huwaoni.

Mhubiri akaniuliza niendako. Nikamweleza. Nilieleza yote, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu aniombee Sayi.

Akageukia behewa zima. "Ndugu zangu, mmesikia. Kuna kijana Morogoro anaumwa, naye anasema hakuna Mungu. Niwaulize: mtu huyo ana rafiki?"

"Hana!" wakaitika.

"Ana mke?"

"Hana!"

"Nani anampa maji?"

"Hakuna!"

Nami nilitikisa kichwa pamoja nao. Naandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika yote. Nilitikisa kichwa.

Nilipogeuka kwa yule mama wa Nzega, alikuwa ameitoa michembe mdomoni mwa mjukuu wake. Ile iliyobaki kiganjani aliirudisha kwenye kitambaa changu, polepole, bila kuniangalia. "Siyo kwa ubaya, mayu," akasema. "Huyu mtoto ana homa homa." Mtoto hakuwa na homa. Kutoka pale hadi Tabora hakuna aliyekula changu, na mhubiri pia alisema ameshiba.

Tabora hadi Gulwe

Tabora tulisubiri mabehewa ya Kigoma. Tuliambiwa ni saa mbili tu. Ikawa siku na nusu. Nililala kwenye sakafu ya stesheni, nikala karanga na mihogo ya kuchemsha, nikawa naamka kila kengele ikilia. Nilihesabu: barua ilinifikia ikiwa na wiki tatu, na sasa zimekuwa nne. Niliacha kuhesabu.

Kutoka Dodoma mvua ilikuwa mbele yetu. Karibu na Gulwe treni ilisimama, ikakohoa kidogo, ikazima. Maji ya mto yalikuwa yamepita juu ya reli. Tulikaa humo siku mbili. Akina mama wa Kigogo walikuja wakipita majini na mayai ya kuchemsha na uji kwenye ndoo, na kila walivyokuja bei ilipanda, watu wakawatukana, nao wakajibu kwamba anayetaka cha bei ya jana akakinunue jana. Huko ndiko nilikocheka mara ya mwisho katika safari ya kwenda.

Siku ya pili niliteremka nikasimama kwenye kokoto za reli. Niliona mafundi mbele wakipanga mawe kwa mkono. Nilivua viatu nikaenda kuwasaidia kubeba. Mmoja akasema, "Mama, kaa tu, hii kazi siyo yako." Nikamwambia ni yangu. Wakaniacha. Nilibeba mawe mpaka jioni.

Morogoro

Tulifika asubuhi. Nje ya stesheni nilikuwa nageuka geuka na barua mkononi, ndipo mwanamume mmoja mrefu, mwenye kofia ya kitambaa iliyochakaa, akanijia huku anapiga kelele.

"Wewe! Pua ile ile! Wewe ndiye dada wa yule kafiri?"

Nilisimama.

"Siku tatu nakuja hapa kungoja treni! Mmechelewa. Ninyi Wasukuma mnasafiri kwa kufuata mkia wa ng'ombe? Kafiri wenu amekufa juzi. Sasa mnakuja kurithi nini? Deni la sigara? Tumeshamtoa ngozi, tunawamba ngoma!"

Sitasahau jinsi ilivyoniingia. Ndivyo nilivyojua kwamba Sayi amekufa, mbele ya wauza maji, kwa mdomo wa mtu anayecheka. Nikasema moyoni, haya ndiyo waliyoyasema nyumbani. Kafa, na watu wanamcheka barabarani. Nilimrukia. Nilimpiga na kifurushi kifuani, nikamwita mbwa, mchawi, mtoto wa fisi, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na yote nilikuwa namaanisha.

Yule mtu hakurudi nyuma. Alipokea mapigo, na macho yake, sasa nikayaona, yalikuwa mekundu na yamevimba. Akasema kwa sauti ya chini, "Naam. Huyu ni dada yake kweli." Akachukua kifurushi changu, akakiweka kichwani kama mwanamke, akatangulia.

Ni Mama Tekla aliyenieleza, baada ya kunikalisha kwenye benchi lake na kuniacha nilie. Mama mnene, Mkatoliki, rozari shingoni, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto. "Mwinjuma ni Mzigua," akasema. "Mzigua na Msukuma ni watani, hukujua?"

Utani naujua. Kwetu tunao wa koo na koo, na mtani wa ukoo wetu nikimwona msibani najua atanitukana. Lakini Mzigua sikuwahi kumwona maishani mwangu. Sikujua kwamba ana haki hiyo juu yangu, wala kwamba haki hiyo haitolewi kwa adui.

"Huyo Mwinjuma ndiye aliyekuwa anamwogesha," Mama Tekla akasema. "Mwezi mzima, chumba hicho cha nyuma, mpaka alipolazwa hospitali. Anamwogesha huku anamtukana, Sayi naye anamtukana, mimi nje hapa nafunga masikio."

"Na wewe ndiye uliyeniandikia."

"Niliandika kwa siri. Sayi alikataa." Akakuna sufuria. "Alisema, dada yangu msimsumbue. Dada yangu ni mtu wa kanisa, hatakuja kwa mtu kama mimi."

Nimeandika mpaka hapa nikaacha siku mbili. Naendelea.

Maiti ilikuwa hospitalini, na tuliambiwa mwisho ni kesho yake adhuhuri, baada ya hapo manispaa itamchukua. Kumsafirisha hadi Bariadi, na reli ile, haikuwezekana. Mwinjuma na wenzake walikuwa wameshazunguka. Msikitini waliambiwa kwa upole kwamba wangependa, lakini watamswalia kama nani? Kanisani mchungaji alisema kama kuna ndugu wa kuthibitisha kwamba alibatizwa na kwamba alirudi, mlango uko wazi. Ndiyo maana Mwinjuma alikuwa akija stesheni kila siku, akitumaini barua imenifikia.

Alasiri mchungaji alikuja mwenyewe pale kwenye benchi. Mzee mpole, sitamsema vibaya. "Binti yangu, alibatizwa?"

"Akiwa mtoto. Nilikuwepo."

"Basi imebaki kidogo. Siku za mwisho mtu hubadilika moyoni. Wewe dada yake ukisema alirudi, mimi nitakuamini, na kesho asubuhi tutamwimbia."

Wote walikuwa wameketi pale: Mwinjuma, Mama Tekla, na wanaume sita saba wa kijiwe cha drafti, waliopunguzwa kiwandani pamoja na Sayi. Hakuna aliyenionyesha ishara yoyote. Ilikuwa neno moja tu, na mimi nilikuwa nimelitaka neno hilo tangu topeni Lalago.

Nikamuuliza Mwinjuma, "Mwishoni alisema nini?"

Mwinjuma, kwa mara ya kwanza, hakutukana. "Walikuja watu wa maombi wodini. Wakamwambia sema tu umekubali. Akawashukuru. Akasema, nikikubali leo, nitakuwa nimewadanganya hawa miaka yote. Akatunyooshea kidole sisi."

Nikamgeukia mchungaji. "Hakurudi, baba. Asante kwa kuja."

Alinishika kichwa, akaenda zake.

Makaburini

Ukingoni mwa makaburi ya mji, baada ya kaburi la mwisho lenye msalaba na la mwisho lenye mwelekeo wa kibla, kuna kipande cha ardhi wanapozikwa wasio na mwenyewe. Hapo ndipo tuliporuhusiwa. Ni mahali pabaya, pana mawe na mbigili. Kile nilichokiogopa tangu nyumbani, kwamba atalazwa pamoja na waliotupwa, ndicho kilichokuwa.

Lakini walikuja kuchimba. Alfajiri walikuwa wameshafika na sururu na mabeleshi ya kuazima. Niliwauliza majina mmoja mmoja, wakanitajia bila kuacha kuchimba: Chande, Luka fundi, Issa Kipara, Mzee Kobelo ambaye mkono mmoja ulikatwa na mashine na alikuwa akizoa udongo kwa ule mmoja. Mzee Kobelo ndiye aliyeniambia kwamba katika mtaa ule hakuna msiba ambao Sayi aliukosa. Awe Mwislamu, awe Mkristo, yeye alikuwa wa kwanza shimoni. Wengine wakiswali au wakiimba, yeye alikaa pembeni na beleshi akingoja zamu ya kufukia. "Alimchimbia mke wangu," akasema. "Na mtoto wa Luka. Sisi hapa tunarudisha tu."

Jeneza lilipofika, Mwinjuma akarukia shimoni, akalala chali, akakunja mikono.

"Sitoki! Kaburi hili nimelichimba mimi, ni langu. Mwambieni huyo kafiri aseme Mungu yupo, nitampisha. Sayi! Sema! Sema mara moja tu nikusikie!"

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Mama Tekla alicheka mpaka akashika magoti. Halafu kicheko kikaisha na Mwinjuma hakuinuka. Alibaki amelala pale chini, kofia imemfunika macho, na kifua chake kinaruka. Chande akasema, "Mtani, toka sasa." Hakutoka. Nikajua ni mimi. Mtani hatoki bure, na mwenye msiba ni mimi. Nikafungua kifurushi, nikamshushia michembe yote iliyobaki. Akaipokea, akaipakata, akatoka.

Tukamshusha Sayi. Halafu tukasimama, na hakuna aliyejua kinachofuata. Ni kitu kigumu ambacho sikukitegemea. Kwenye kila mazishi niliyowahi kwenda kuna mtu anayesema sasa tuimbe, sasa tuketi. Pale palikuwa kimya. Mwinjuma midomo ilimchezacheza. Mama Tekla alijifanyia ishara ya msalaba chini ya khanga. Mimi nilifungua kinywa nianze wimbo wa mama yetu, nikakifunga, kwa sababu wimbo wa kanisa haukuwa wake. Mwishowe Mzee Kobelo akasema, "Haya," akasukuma udongo kwa mguu.

Kurudi

Sitaandika sana juu ya kurudi. Reli ilikuwa imeshatengenezwa; watu hawakuniuliza kitu, na mimi sikugawa kitu.

Nyumbani habari ilikuwa imenitangulia, nikakuta mmekuja matanga, mmejaa, na Kabula amepika. Siku ya kwanza niliketi katikati yenu. Ninyi mnakumbuka mlichouliza kwanza, "Alitubu?" Nikasema hapana. Mkauliza nani alimzika. Nikasema Mzigua mmoja Mwislamu, mama ntilie Mkatoliki na wacheza drafti. Mtu mmoja, sitamtaja, akasema, "Sasa hao ni marafiki au ni vibarua? Uliwalipa shilingi ngapi?" Wengine wakacheka, na huo haukuwa utani. Siku ya pili mlikuwa wachache. Siku ya tatu ya kunyoa tulikuwa watatu, mimi na Kabula na Masunga, tukanyoana wenyewe.

Kikundi chetu cha kupalilia kwa zamu kilifika shambani kwa jirani yangu wa kushoto, kikaruka kwangu, kikaenda kwa jirani wa kulia. Pamba yangu imefunikwa na majani.

Wiki iliyopita Mama Holo, kiongozi wetu wa kikundi, alikuja. Mimi na yeye tulianza darasa la kwanza pamoja. Alisimama kwenye tuta na jembe begani.

"Mwangaluka, Nkwimba."

"Mwangaluka."

"Wenzako wanaogopa tu. Wanasema umerudi na roho ya yule. Sema alitubu, mayu. Ni neno moja. Yeye hatasikia, na kesho tutakuwa ishirini hapa, tutamaliza kabla ya jua kali."

"Alikuwa na watu," nikamwambia.

"Watu gani, Nkwimba? Kweli kabisa, watu gani?"

Nikaanza kumtajia. Mwinjuma aliyemwogesha. Chande. Luka fundi, ambaye Sayi alimzikia mtoto. Issa Kipara. Mama Holo alilishusha jembe, akalipandisha tena begani, akageuka. Alikuwa ameshafika njiani niliposema Mzee Kobelo. Sikupaza sauti. Niliinama kwenye mstari wangu nikaendelea kuyataja majina yao mpaka la mwisho.